MANENO MADOGO YA WACHINA NA HUKUMU ZETU KUBWA

Liko neno moja livumalo siku hizi vijijini mwetu, nalo lasemwa hata na watu wa kanisa watokapo ibadani: ati Wachina hawana adabu. Ukiuliza, "Mwajuaje?" wajibiwa hivi: "Huoni? Mtu mzima humweleza Mchina shida yake, naye huguna tu, ng! Lugha yao haina hata neno la ndiyo. Tena ukimsikia amekubali leo, kesho hukana." Basi mashtaka ni matatu: kwamba huguna kwa dharau, kwamba hawana ndiyo, na kwamba kukubali kwao ni uongo. Sisi twasema mashtaka yote matatu si kweli, nayo yametoka katika uvivu wa kujifunza. Na mtu amshuhudiaye jirani yake uongo kwa sababu ya uvivu hana udhuru kuliko yule amshuhudiaye kwa sababu ya chuki.

Twaandika haya kwa ajili ya jambo lililotukia karibu nasi. Mzee mmoja alikuwa na kokoto alizozigonga yeye na watoto wake kwa muda wa miezi miwili. Wachina walikuwa wakitengeneza barabara, na kijana mmoja aliyesoma kitabu kidogo cha Kichina akajitia kuwa mkalimani. Akamweleza msimamizi habari za kokoto, na bei yake, na idadi ya malori, na siku ya kuzileta. Mchina akasikiliza, na kila kipande cha habari kilipokwisha akasema, "Ng." Mwisho akasema, "O," akaenda zake kazini. Kijana akarudi mbio: "Amekubali! Amesema ndiyo mara nne!" Mzee akakopa fedha ya kukodi lori, akapeleka kokoto zake, zikakataliwa, maana hakuna aliyeziagiza. Kokoto zilibaki kando ya njia, na deni likabaki nyumbani.

Tukaitwa sisi walimu tuandike barua ya mashtaka kwamba Mchina yule ni mwongo. Hatukuiandika. Tulimwomba kijana atuigizie jinsi alivyojibiwa, akaigiza: "ng" fupi, yenye kushuka, kisha "o" yenye kushuka. Tukamwambia, "Mwenzetu, hukuambiwa ndiyo. Uliambiwa, Nakusikia, nakusikia, nakusikia, nakusikia, ahaa, nimeelewa." Akatujibu kwa hasira, "Kuguna ni kuguna!" Basi maneno yetu yote ya leo ni kumjibu kijana huyo, pamoja na wote wasemao kama yeye.

Kwanza ijulikane kwamba Kichina tukitajacho hapa ni Kimandarini, lugha iliyojengwa juu ya matamshi ya Beijing, ifundishwayo katika shule za China. Vijana wetu wengine huisoma tangu Taasisi za Confucius zilipofunguliwa, Nairobi mwaka 2005, Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2013. Twaandika maneno yake kwa herufi za Kirumi kama zilivyokubaliwa kule mwaka 1958, ila tumeziacha alama za sauti. Herufi x isomwe karibu na sh yetu, na q karibu na ch. Lakini sauti zenyewe haziachiki. Ziko nne: iliyo juu na kunyoka, ipandayo, ishukayo kisha ikainuka, na iangukayo. Neno "ma" likinyoka ni mama; likipanda ni katani; likishuka na kuinuka ni farasi; likianguka ni kutukana. Asiyesikia tofauti hiyo atamwita mama yake farasi, naye atadhani amemsalimu.

Sasa tushike shtaka la kwanza, kwamba Wachina hawana ndiyo. Ni kweli kwamba Kimandarini hakina neno moja lifanyalo kazi yote ya ndiyo yetu. Lakini kukosa neno moja si kukosa jibu. Mchina akiulizwa, "Qu ma?" yaani "Waenda?" hujibu "Qu", naenda, au "Bu qu", siendi. Akiulizwa, "Chi le ma?" yaani "Umekula?" hujibu "Chi le", nimekula, au "Mei chi", sijala. Hulirudisha tendo lenyewe aliloulizwa. Je, ajibuye "Naenda" amesema kidogo kuliko ajibuye "Ndiyo"? Twaona amesema zaidi.

Tena, mahali petu pa ndiyo moja wao wana maneno mengi, na kila moja lina kazi yake. "Dui" maana yake ulilosema ni sawa. "Shi" maana yake ndivyo lilivyo; na askari aagizwapo na mkubwa wake huitika "Shi!" kwa sauti kali. "Hao" maana yake ni vema, nalikubali ombi lako. "Xing" maana yake lafaa, laweza kufanyika. "You" maana yake kipo. Mwalimu aitapo majina darasani, mtoto huitika "Dao", yaani nimefika. Mtu akikuomba umletee maji nawe ukamjibu "Dui", umejibu upuuzi, maana hakukuuliza kama neno ni kweli, bali amekuomba fadhili. Na vile vitabu vidogo viandikavyo, "Shi: ndiyo", bila kuongeza neno, vyapaswa kuona haya. Humpa mwanafunzi ufunguo mmoja wa nyumba yenye milango sita, kisha mlango usipofunguka yeye humlaumu mwenye nyumba.

Wala tusijione kuwa mbali nao. Mtu wa kwetu akiulizwa, "Huendi sokoni?" naye haendi, hujibu, "Ndiyo, siendi." Mchina naye hujibu, "Dui, bu qu." Mwingereza hapo husema siyo, na watoto wetu hupigwa alama mbaya shuleni kwa kumjibu Kiingereza kwa desturi ya kwetu. Basi katika jambo hili Mchina ni jirani yetu kuliko tulivyodhani.

Shtaka la pili ni hilo la kuguna. Wasemao hivyo husikia "ng" moja, na kumbe ziko kadhaa. Katika kamusi kubwa ya Kichina cha sasa, iitwayo Xiandai Hanyu Cidian, iliyotolewa mwaka 1978, neno hili limeandikwa kwa sauti tatu. "Ng" ipandayo ni swali: Eti nini? "Ng" ishukayo kisha ikainuka ni mshangao, au kutoridhika: Mbona hivi? "Ng" iangukayo ni kuitika. Neno "o" vivyo hivyo: likipanda, msikiaji ana shaka, nusu aamini nusu asiamini, likianguka, amefahamu. Na "a" ina njia nne: kustaajabu, kuuliza tena, kushangaa pamoja na shaka, na kuitika. Haya ni maneno yaliyopimwa na kuandikwa katika kamusi, mbele ya kila moja maana yake. Nasi twathubutu kuyaita mguno wa mnyama?

Yuko atakayesema, "Yawe maneno, lakini hayana heshima ndani yake." Hapo ndipo tunapopingana naye zaidi, maana sidhani liko taifa lililopima heshima ya neno dogo la kuitikia kuliko Wachina. Katika kitabu chao cha kale cha desturi, kiitwacho Liji, mtoto ameagizwa kwamba baba amwitapo, au mwalimu amwitapo, asiitike "nuo", bali aitike "wei", kisha ainuke. Maneno yote mawili ni ya kuitika. Lakini la kwanza lilikuwa la mtu asiye na haraka, na la pili lilikuwa la mtu aliye tayari. Confucius alipomwambia mwanafunzi wake Zeng Shen kwamba mafundisho yake yote yameshikwa na uzi mmoja, mwanafunzi hakutoa hotuba. Alijibu neno moja tu, "Wei", na wenzake wakabaki wakiuliza maana. Na Laozi, mwenye hekima mwingine, aliuliza kwa mzaha kama kweli iko tofauti kubwa kati ya kuitika kwa heshima na kuitika kizembe. Asingaliuliza kama watu wa zamani zake hawakuihesabu tofauti hiyo. Katika enzi ya Qing, iliyokwisha mwaka 1912, mtumishi wa nyumba ya kifalme aliitika "zhe", neno lililotoka katika lugha ya Wamanchu waliokuwa wakitawala. Naye mfalme Kangxi, asomapo habari za maliwali wake, aliandika kwa wino mwekundu maneno mafupi, "Zhidao le", yaani nimejua. Kwa mfalme ni neno la enzi. Kwa mtoto wa leo anayeambiwa na mama yake mara ya tatu avae koti, neno lile lile ni la kuchoka: Nimeshasikia, mama!

Wala mambo hayo hayakupita pamoja na wafalme. Watu wa China leo huandikiana kwa simu, hasa kwa WeChat iliyoanza mwaka 2011, na humo sauti haisikiki wala uso hauonekani. Je, waliyaacha maneno madogo? Hasha, waliyatunza zaidi. Ukimwandikia mtu "ng" moja, yaonekana baridi. Ukiandika "ng ng" mara mbili, imepata joto. "O" peke yake ni kama mlango uliofungwa taratibu usoni pa mtu. "Hehe", iliyokuwa kicheko cha kawaida, kwa vijana imekuwa kejeli. Kazini, mkubwa aagizapo jambo, walio chini yake huandika "Shoudao", yaani nimepokea. Mwaka 2019 watu wengi kule walibishana juu ya mfanyakazi aliyekemewa kwa sababu alimjibu mkubwa wake kwa "ng" moja tu. Wengine walisema mkubwa ni mkali bure. Wengine walisema mfanyakazi hakulelewa. Taifa libishanalo kwa ajili ya "ng" moja, sisi twaliita taifa lisilojua adabu ya kujibu!

Na wengine hugeuza shtaka, wakasema, "Mchina hunyamaza kabisa mtu asemapo, hakusikilizi." Mwaka 1996 wataalamu wanne, Clancy, Thompson, Suzuki na Tao, walitoa matokeo ya kulinganisha mazungumzo ya Kiingereza cha Marekani, Kijapani na Kimandarini. Walikuta kwamba wasemaji wa Kimandarini ndio watumiao maneno ya kuitikia kwa uchache kuliko wote, tena huyatia msemaji akiisha kufikia mwisho wa neno lake. Mjapani huitikia mara nyingi njiani, Mchina hungoja. Sisi tuliozoea kuitikia "ehee, ndiyo, kweli" kila pumzi, tukikosa kusikia hivyo twadhani tumedharauliwa. Kumbe yule mtu ametuachia njia tupite.

Shtaka la tatu ndilo zito, maana lagusa kweli na uongo: ati Mchina hukubali kisha hukana. Twajibu kwamba mara nyingi hakukubali, bali sisi hatukusikia alivyosema. Tazameni neno "hao" peke yake. Akisema "hao de", amekubali kwa adabu na shauri limekwisha. Akisema "hao a", amekubali kwa furaha. Akisema "hao lei" kwa wepesi, kama wauzaji wa kaskazini wasemavyo kwa mteja, amekwisha kuondoka kukuletea. Lakini akisema "hao ba", na sauti ikalegea, amekubali kwa shingo upande: Basi, maadamu wataka. "Xing ba" nayo ni ndugu yake. Akisema "hao le", yamkini akwambia yatosha, nyamaza. Na akisema "hao, hao, hao" upesi upesi, pengine amefurahi sana, pengine ataka tu kukutuliza uondoke. Uso na sauti ndivyo vitakavyokuambia. "Sui bian", yaani upendavyo, kwa mgeni ni adabu ya kutotaka kumtaabisha mwenyeji. Kwa mke aliyekasirika ni onyo. "Shi ma?" yaani ndivyo? yaweza kuwa, Endelea, nasikiliza. Tena yaweza kuwa, Sikuamini.

Basi yule asikiaye "hao ba" akaenda kutangaza kwamba ameahidiwa kwa moyo wote, nani aliyesema uongo? Aliyenena alitia kipimo cha moyo wake katika neno moja dogo, wazi kabisa kwa kila mtu wa kwao. Msikiaji ndiye aliyelitupa neno hilo njiani kama ganda la muhindi.

Wako na Wakristo wenzetu watakaotujibu kwa Injili ya Mathayo, sura ya 5, pale Bwana wetu alipoagiza kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Wasema, "Hayo mengine ya o na ng na hao ba ni ya yule mwovu." Ndugu, fungueni Biblia ya Wachina iliyotolewa mwaka 1919, isomwayo makanisani mwao mpaka leo. Mstari huo umeandikwa kwa "shi" na "bu shi", na Mkristo wa Beijing huuelewa sawasawa kama mfahamuvyo ninyi. Bwana alikataza kuapa na kudanganya. Hakukataza watu kuonyesha kama wamefurahi, au wana shaka, au wamekubali kwa uzito. Asemaye "hao ba" naye moyo wake ni mzito, ndiyo yake ni kweli kuliko yule achekaye na kusema "Ndiyo kabisa!" huku moyoni amekataa. Na wa namna hiyo, tuseme kweli, hatuhitaji kwenda China kuwatafuta; wamejaa katika mikutano yetu ya michango.

Hatusemi kwamba kila Mchina ni mwema, wala kwamba maneno hayo hayatumiwi vibaya. Wachina wenyewe wamelilaumu jambo hilo tangu kale. Mtu aitikiaye kila neno la mkubwa wake humwita "weiwei nuonuo", yaani mtu wa wei-wei na nuo-nuo, asiye na uti wa mgongo. Mwandishi wao mkuu wa historia, Sima Qian, ameandika habari ya mtu aliyeonya kwamba waitikiao elfu hawafai kitu kuliko mmoja athubutuye kusema kweli. Lakini katika kitabu hicho hicho imetoka habari ya Ji Bu, mtu aliyesifiwa kwamba ahadi yake ilizidi thamani ya dhahabu, na mpaka leo Wachina husema kwamba "nuo" moja ni dhahabu elfu. Neno lile lile dogo laweza kuwa la kujipendekeza, tena laweza kuwa dhahabu. Watu wawezao kusema yote mawili juu ya neno moja hawawezi kuitwa watu wasiojali maneno yao.

Na sisi je? Mtoto wetu aitwapo na baba yake akajibu "Nini?" hukemewa, hufundishwa kuitika "Naam" au "Abee". Ni nani aliyemwandikia kitabu? Hakuna, alizoea kwa masikio na kwa kukemewa. Na "haya" yetu! "Haya!" ni twende. "Haya, vema" ni nimekubali. "Haya basi" ni nimeshindwa, fanya upendavyo. "Haya haya!" ni acha fujo. Mgeni akiandika katika kijitabu chake, "Haya: ndiyo", kisha akaenda kutangaza kwao kwamba Waswahili ni waongo kwa kuwa walimwambia "Haya basi" na hawakufurahi, tungelia mpaka mbinguni. Nasi twamtenda Mchina hayo hayo kila siku, tena twacheka.

Basi yatupasa nini? Walimu wafundishao Kichina waache kuyarukia maneno haya kana kwamba ni makapi. Wayafundishe mwanzo kabisa, kwa sauti, kabla ya orodha za majina ya vyombo na wanyama. Vijana wajitiao ukalimani wajue kwamba mtu asiyeweza kupambanua "ng" na "ng" hajawa mkalimani, hata kama ameshika maneno elfu. Akiwa na shaka, aulize tena: "Umekubali kununua, au umesikia tu?" Swali hilo moja lingalimwokoa yule mzee na deni lake. Kuuliza si ujinga. Na wazee wa kanisa, waletewapo mashtaka ya kwamba mgeni fulani amewadharau, kwanza waulize kama mshtaki anajua alilojibiwa.

Msimamizi yule tulikwenda kumwona baadaye, sisi na mzee pamoja. Tulimweleza yaliyotokea, naye alisikiliza mpaka mwisho bila kututia neno katikati. Kisha alisema "Aiya", neno la mtu aliyeguswa na hasara ya mwenziwe, akamshika mzee mkono. Kokoto hakuzinunua, maana kazi ile haikuzihitaji, wala deni halikupungua kwa sababu ya huruma yake. Lakini njiani tukirudi mzee alisema, "Mtu huyu hakunidharau." Halikuhitaji mkalimani, neno lile.